Sura ya Tisa: Bihogo Azunguka Kushoto

Mkaguzi Msaidizi Mwaja Abdillah alikwisha kuwahoji wezi wa ng'ombe, wavusha kahawa ya magendo, na mganga mmoja aliyezungumza na mizimu kupitia simu isiyo na betri. Lakini kupiga magoti kando ya bwawa la kuogelea ili kumhoji roboti, hilo lilikuwa jipya. Asubuhi ile, pale Ihanda, ukungu ulikuwa bado umeshikilia migomba, na maji ya bwawa yalikuwa ya baridi kiasi cha kumfanya mtu afikirie mara mbili kabla ya kuchovya kidole.

Muda haukuwa rafiki yake. Mkuu wa kituo alimwambia waziwazi kwamba Placidius, mtunza bwawa wa hoteli hii, angepelekwa mahakamani mchana huohuo kwa kosa la kuharibu mali ya mwajiri wake kwa makusudi. Kijana alikuwa mahabusu tangu Jumamosi. Akishasomewa shitaka, hata akija kushinda kesi, nani katika Karagwe nzima angempa tena ufunguo wa chochote? Mwaja aliomba apewe asubuhi moja tu.

Kilichomkera ni kwamba maelezo yalikuwa yameandikwa, mtu amefungiwa, na hakuna hata mmoja aliyemchunguza marehemu.

Marehemu mwenyewe alikuwa amelala kwenye ukingo wa bwawa, mwekundu wa kuiva, ukubwa wa ndama wa siku mbili aliyejikunja. Alikuwa na mikanda miwili ya mpira badala ya miguu, mmoja kila ubavu, na waya mrefu ukimtoka mgongoni kwenda kwenye boksi la umeme. Kazi yake ni kutembea chini ya maji, kusugua vigae na kufyonza uchafu, bila kushikwa mkono na mtu. Jina lake Bihogo, jina la ng'ombe mwekundu. Pale hotelini hakuna aliyemwita mashine.

"Kikulacho ki nguoni mwako, afande," alisema Tumwesigye, mwenye hoteli. Alikuwa mrefu, mtoto wa wafugaji, aliyeuza nusu ya zizi la baba yake ili ajenge hoteli juu ya kilima, na watu walikuwa wamemcheka hadi walipoona wageni wanakuja kweli. "Nimemlea yule kijana. Nimempeleka mpaka chuo cha ufundi. Kisha ananigeuka."

"Kwa sababu gani akugeuke?"

"Kabla ya Bihogo, yeye ndiye aliyekuwa anasugua bwawa kwa brashi ya mti mrefu. Bihogo alipokuja, akajua kazi imekwisha."

"Ulimwambia kazi imekwisha?"

"Hapana. Lakini mtu anajua tu."

"Na mlikuwa na ugomvi?"

Tumwesigye alitazama saa yake. "Ubishi wa kazi. Mambo ya kawaida."

Mwaja aliliweka jibu hilo kando, pale anapoweka majibu yanayotoka haraka kupita kiasi. Akamgeukia Joviness, msichana wa mapokezi, aliyekuwa amesimama na kikombe cha chai ya maziwa mkononi akingoja mtu wa kumpa.

"Wewe uliuona huo ubishi?"

"Niliuona kupitia dirishani, afande, sikusikia. Siku ya Ijumaa. Placidius alikuwa amemwinua Bihogo ubavu, anamwonyesha bosi tumbo lake. Bosi akafanya hivi." Joviness alipunga mkono kama mtu anayefukuza kuku jikoni. "Akaondoka."

Tumwesigye alikohoa. Mwaja akapokea chai, akanywa, akasema, "Haya. Mwingizeni majini tumwone anavyougua."

Bihogo alizama taratibu akitoa mapovu. Alipogusa chini aliwasha taa yake, akaanza kutembea. Hatua chache tu, kisha pua ikaanza kuvutwa kushoto. Akazunguka. Akazunguka tena, palepale, duara lilelile, huku bwawa lililobaki likimngoja. Mwishowe alifika ukutani kwa bahati, akainua kichwa apande, nusu yake ikapanda na nusu ikateleza, akaanguka chali kwa aibu.

"Zamani alikuwa anapanda mpaka juu," alisema Joviness, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Anafika kwenye mstari wa maji, anachungulia, halafu anashuka mwenyewe. Jumapili watu wanatoka Mabira kwa bodaboda kuja kumwangalia tu. Hawanunui hata soda. Wanasimama hapo wanashangaa, 'Waitu, kina akili hiki.'"

Hata Mwaja, ambaye kazi ilikuwa imemfundisha kutostaajabu, alijikuta akitaka kumwona akipanda.

Kabla ya kumgusa aliomba aonyeshwe mahali Bihogo anapolala. Kilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya mibuni, na Mwaja alisimama mlangoni muda mrefu kuliko Tumwesigye alivyopenda. Vigingi viwili vya mti vilikuwa vimepigiliwa ukutani, mbalimbali, ili waya uning'inizwe kwa mizunguko mipana usijisokote. Chujio la akiba lilikuwa limeoshwa, limegeuzwa kichwa chini, likauke. Kitambaa cha kufutia kilikuwa kimekunjwa mara nne. Sakafuni kulikuwa na gunia safi mahali Bihogo anapowekwa, na juu ya gunia, upande wa kushoto tu, mstari mwembamba wa sisimizi ulikuwa ukienda na kurudi kwa bidii.

"Huyu kijana ni hodari," alisema Mwaja.

"Hodari wa kuharibu," alisema Tumwesigye.

"Anayetaka kuua hamkaushii chujio anayemuua."

Mwaja hakungoja jibu. Alirudi bwawani, akavua viatu, akapandisha suruali. Alikuwa na njia yake ya kazi: hakimbilii anayeshukiwa na wengi. Huanza na wa nje kabisa, anamwondoa mmoja baada ya mwingine, mpaka abaki asiye na pa kukimbilia.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa waya. Waya uliojisokota huweza kumvuta roboti upande mmoja kama kamba inavyomvuta ng'ombe. Waliutandaza wote majanini, wakaunyoosha, wakamrudisha Bihogo majini. Akaenda kushoto. Waya ukaachiwa huru.

Wa pili alikuwa chujio. Joviness alilitoa tumboni, na ndani mlikuwa na majani ya mbuni, mchanga mwembamba, na kipande cha rasta cha mgeni fulani aliyeogelea na kichwa kizima. Wakalisuuza. Bihogo akaenda kushoto.

Wa tatu alikuwa feni inayovuta maji. Hapo Mwaja aliona jambo, akachomoa plagi kwanza, kisha akachukua kibano cha nyusi kutoka kwenye mkoba wake, akavuta taratibu uzi mweusi uliojizungusha kwenye mhimili. Rasta nyingine. Joviness alipiga makofi. Tumwesigye naye akainama aone. Walimzamisha kwa matumaini, maji yakavutwa kwa nguvu mpya, mapovu yakaruka, na Bihogo, mwenye afya kuliko alivyokuwa, akazunguka kushoto.

"Mota," alisema Tumwesigye. "Nimewaambia tangu mwanzo polisi. Amechokonoa mota ya upande mmoja. Ni yeye peke yake anayejua kumfungua."

Wakati huo jua lilikuwa limekwisha kuufukuza ukungu. Mwaja alilitazama, akahesabu kimoyomoyo mwendo wa kutoka hapa hadi kituoni. Kama ni mota, Placidius amekwisha.

"Nisaidieni kumshika," alisema. "Si juu ya maji, wala si chini. Hapahapa, maji yamfunike mgongo, asikanyage kitu."

Wakamshika watu watatu, mwenye hoteli na shati lake la kazi za ofisini, wote wameinama. Joviness akabonyeza swichi. Mikanda yote miwili ikazunguka. Mwaja aliutazama wa kulia, akautazama wa kushoto, akaweka kiganja nyuma ya kila mmoja kuusikia mkondo wa maji. Nguvu ilikuwa sawasawa. Kasi ilikuwa sawasawa.

"Mota ni nzima," alisema. "Miguu yote miwili inatembea, bwana Tumwesigye. Mmoja ndio haukanyagi."

Walimtoa, wakachomoa plagi, wakamgeuza chali. Mkanda wa kulia ulikuwa umelowa lakini hautelezi. Mwaja alipoburuta kidole juu yake, ulimkatalia kwa mlio. Wa kushoto ulikuwa na mipasuko myembamba mingi, kama kisigino cha mtu wa shamba wakati wa kiangazi, na juu ya mipasuko hiyo maji hayakulowanisha. Yalisimama matone matone, yakimeremeta. Kidole chake kiliteleza bila kizuizi.

"Mafuta!" Tumwesigye alinyooka, na uso wake ulikuwa na furaha mbaya. "Umeona mwenyewe. Amempaka mafuta ateleze. Hii si bahati mbaya hii. Andika, afande."

Mwaja hakuandika. Alikuwa amevunjika moyo kidogo, na hakuna haja ya kuficha. Alikuwa amekuja kumtoa mtu, na sasa ameshika kwa mkono wake mwenyewe ushahidi wa kumzamisha. Mkono wa mtu ulifanya hili. Lakini mkono wa nani?

Alikwangua kwa ukucha ndani ya mpasuko mmoja. Kilichotoka kilikuwa cheupe chenye unjano, kimeganda kwa baridi ya maji. Akakipaka nyuma ya kiganja, akakisugua mpaka kikayeyuka kwa joto la ngozi, akakipulizia, akanusa. Hivyo ndivyo baba yake, mzee Abdillah, aliyezaliwa Tanga na kuhamia Kayanga kufungua duka, alivyokuwa akipima kila chupa iliyoletwa na wafugaji kabla ya kuipokea. Mwaja alikua chini ya kaunta ile, na pua yake ilisoma huko kabla macho yake hayajasoma shuleni.

Ulikuwa moshi. Moshi wa majani ya kufukizia vibuyu, umeingia katika maziwa, ukakaa katika siagi, ukabaki hata baada ya dawa ya bwawa.

"Joviness, jikoni mnapikia nini?"

"Alizeti, afande. Madumu ya alizeti tu."

"Placidius ana ng'ombe?"

"Hana hata mbuzi."

Mwaja alifuta mkono wake taratibu. "Hii ni samli, bwana Tumwesigye, ndiyo iliyowaita sisimizi kule kibandani. Samli ya kibuyu, iliyotengenezwa nyumbani na mtu anayejua kazi yake. Mharibifu angeiba alizeti jikoni, iko mlangoni. Na mharibifu angepaka mikanda yote miwili. Huyu amepaka ule uliopasuka tu, akaingiza kidole ndani ya kila ufa. Hapa kwako nani ana samli?"

Furaha ilimtoka Tumwesigye usoni. Alitazama nyumba ndogo ya matofali nyuma ya hoteli, ile yenye kibaraza, halafu akatazama chini.

"Mama yangu hahusiki na habari hii," alisema.

"Ameulizwa?"

"Ni mama yangu, afande."

"Basi hakuulizwa."

Mama Nuwamanya alikuwa barazani kwake, amekaa juu ya mkeka, kibuyu kimeinamishwa juu ya kijungu chenye moshi. Hakuwa mtu wa kuombwa akae mahali. Mahali ndipo palipoonekana kukaa kwa ajili yake. Mwaja alishuka akapiga goti, kama wanavyofanya wanawake wa huku mbele ya mkubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa Abdillah wa duka."

"Ndiye mimi."

"Baba yako alikuwa na pua ya kutuonea. Nilimletea samli mwaka wa njaa, akanusa mpaka nikaona aibu. Akasema hii ni ya kwanza. Akanunua yote." Alicheka. "Kaa. Umekuja kumwona Bihogo?"

"Nimemwona. Nimeona amepakwa."

Kikongwe aligeuka mzima mzima, na macho yake yakang'aa. "Ameshapona?"

Nyuma ya Mwaja, Tumwesigye alitoa sauti ndogo. Mwaja hakugeuka.

"Nieleze, mama, ulivyomtibu."

"Mimi kila siku nakaa pale anapochungia. Usicheke, anachunga yule. Anakwenda mpaka mwisho wa malisho, anarudi, haruki mahali. Nimefuga tangu sijaolewa, sijaona mnyama anayemaliza majani namna ile. Mungu amewapa watu akili." Alisema hivyo kwa heshima nzito, kama anavyoongea mtu kanisani. "Placidius akimtoa huwa ananionyesha. Ijumaa akasema, 'Mama, ngozi ya upande huu inapasuka, atalemaa.' Akamwita huyu." Alimwelekezea mwanawe kidevu. "Akamwambia aagize mkanda mwingine. Huyu akamwambia asimsumbue, atafute kazi ya kufanya. Nilisikia. Dirisha langu lile pale."

Ule ubishi wa kawaida ulikuwa umepata shahidi.

"Basi Jumamosi," aliendelea mama, "Placidius alipokwenda kunywa chai, nikachukua samli. Ngozi ikipasuka, ya mtu au ya ng'ombe au ya mkanda, dawa yake ni moja. Nikapaka kila ufa. Nilitaka arudi amkute hajambo."

Mwaja alikuwa amesikia kukiri kwingi katika kazi yake, na karibu kote kulinuka woga. Huku kulinuka moshi na upendo. Alimtazama mwanamke yule aliyeona ufa ambao mwanawe hakuuona, akajisikia mdogo kwa namna nzuri. Kosa lake lilikuwa la kutojua jambo moja tu: kwamba kinachompendeza ng'ombe kinamnyima Bihogo miguu.

Alimwambia hivyo, polepole. Mpira wa Bihogo hushika kigae kwa sababu hauna mafuta. Ukilainishwa, hauna cha kushikia. Maji ya sabuni ya uvuguvugu yatauondoa utelezi wote, na mkanda mpya utamaliza ugonjwa.

Mama Nuwamanya alisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa, akatabasamu kwa kujishangaa.

"Kumbe. Placidius atanicheka. Naye anarudi lini kutoka Mabira? Waliniambia amekwenda kumwona mjomba wake."

Mwaja angeweza kujibu. Alinyamaza makusudi, kwa sababu jibu lile halikuwa lake. Aligeuka, akamtazama mwenye nalo.

"Hayuko Mabira, mama," alisema Tumwesigye. "Yuko polisi. Nilidhani ni yeye."

Kikongwe hakuuliza mara mbili. Alikiondoa kibuyu kwenye moshi, akakilaza ukutani kwa uangalifu, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amejifunga vazi la kwendea kanisani.

"Gari liko wapi?" alimwuliza Mwaja, si mwanawe.

Walishuka hadi Kayanga. Kituoni, Mwaja aliingia peke yake kwa mkuu, akaweka mezani kitambaa chenye samli, akaeleza hatua kwa hatua: waya, chujio, feni, mota, mkanda. Mkuu alinusa kitambaa, akauliza mlalamikaji yuko wapi, akaambiwa yuko mapokezi na amekuja na mama yake. Mkuu alikuwa mtu wa makamo mwenye mama yake mwenyewe. Akaamuru mahabusu atolewe.

Placidius alitoka peku, suruali ameishikilia kwa mkono mmoja kwa kukosa mkanda, macho yakipambana na mwanga. Kabla hajajua nani ni nani, Mama Nuwamanya alikuwa amekwisha kuanza kushuka. Alikuwa akipiga magoti, yeye, mbele ya kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, na askari wote pale kaunta waliacha walichokuwa wakifanya. Placidius aliiachia suruali yake, akamdaka viwiko asifike chini. Hakuwahi. Wakafika sakafuni pamoja.

Mama alimweleza kwa Kinyambo, lugha ya huku, kwa sauti ya chini, na mkono wake ukawa unapaka hewani alivyopaka. Placidius alisikiliza. Mwaja alingoja aone hasira, na kijana alikuwa na haki nayo kila chembe.

"Mama," alisema kijana mwishowe, "ulikuwa unamtibu. Upande ndio uleule. Hukukosea upande."

Mwaja alilazimika kutazama dirishani. Siku mbili sakafuni, na neno la kwanza la mtu yule lilikuwa la kumsifu aliyemponza. Alijisemea kwamba kama Karagwe ina vijana wa namna hii, basi yeye hana haja ya kuomba uhamisho.

Askari wa zamu aliweka juu ya kaunta mkanda wa suruali na jozi ya viatu. Mama Nuwamanya aliviona.

"Tumwesigye," alisema, bila kuinua sauti.

Mwenye hoteli alivichukua viatu kwa mikono miwili. Alivuka chumba akiwa mrefu kuliko wote waliokuwamo, akafika mbele ya Placidius, akachuchumaa.

"Ulinionyesha," alisema.

"Nilikuonyesha, bosi."

"Sikutazama."

"Hukutazama."

Placidius alivipokea viatu mkononi mwake, akavivaa mwenyewe, akafunga kamba polepole, kimoja kisha kingine. Kisha akamsaidia mama kuinuka, akampa mkono wake aushike, wakatoka nje juani. Tumwesigye alibaki amechuchumaa pale sakafuni, mikono mitupu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia ainuke.